Kiraka Changu Kililipwa Juba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbale aliniandikia. Ameshapata banda la bati, hatua hamsini kutoka geti la kiwanda kipya. Mwenye banda anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kijana anataka kufungua hoteli: posho (ugali) na maharage mchana, chai na chapati alfajiri kwa wanaotoka zamu ya usiku. "Mzee wangu," ameandika, "watu wanaingia pale kama siafu. Nikianza tu, nimetoka. Unanishauri nini?"

Nilianza kumjibu kwenye simu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena mpaka kidole gumba kikauma. Mwisho nikaona niyamwage hapa, maana si yeye peke yake. Wengi mnaosoma ukurasa huu mnakitaka kilekile nilichokitaka mimi: biashara yako mwenyewe, jina lako juu ya mlango, na kiwanda kikubwa cha jirani kinachokulisha. Siwacheki. Nilikipata hicho kitu. Kisha nikakipoteza kwa sababu ya vita vilivyopiganwa mahali ambapo sikuwa nimewahi kukanyaga.

Kwa wageni: mimi ni fundi turubai wa Jinja. Nilizaliwa Walukuba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi, ambako Kiswahili tulikipata uwanjani tukicheza. Jirani wa kulia alikuwa Mluo, wa kushoto Mlugbara, wa mbele Msamia, na hakuna aliyekuwa tayari kujifunza lugha ya mwenzake. Baba alikuwa kiwanda cha nguo. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 na kiwanda hicho kilianza miaka hiyohiyo, na wazee wetu walipanga maisha yao yote kwa king'ora. Nilipopata akili, king'ora kilikuwa kinalia siku moja moja tu. Baba hakupenda kulizungumzia hilo, na mimi sikumchimba.

Turubai nilijifunza kwa mzee mmoja pale barabara ya Walukuba. Watu hudhani turubai ni shuka tu la kufunika mzigo. Ngoja niwaeleze, maana bila hili hamtanielewa.

Lori linapobeba sukari kwenda nchi nyingine, turubai ndilo mlango wake. Pembeni kote kuna matundu yenye pete za chuma, sisi tunayaita macho. Kamba moja ndefu inapita kwenye kila jicho, inazunguka bodi nzima, na ncha zake mbili zinakutana nyuma. Pale nyuma forodha wanafunga lakiri, ile alama ya kuonyesha mzigo haujafunguliwa. Lakiri ikiwa nzima, mzigo unahesabiwa kuwa mzima. Sasa, jicho moja likichomoka, au ukipatikana mpasuko unaoweza kupitisha mkono, ile lakiri ni pambo tu. Afisa ana haki ya kukurudisha. Na hata asipokurudisha, mvua ya usiku mmoja njia ya Karuma inatosha. Saruji inakuwa jiwe ndani ya mfuko, sukari inakuwa uji.

Kiraka chenyewe hukikati kwa pembe nne kama kitambaa cha meza. Unazungusha pembe, ziwe duara, kwa sababu pembe kali inainuliwa na upepo na kiraka kinabanduka kabla lori halijafika Iganga. Unasafisha pale mahali kwa petroli, unapasha moto, unakandamiza kwa gurudumu dogo, kisha unashona kingo kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Mwalimu wangu alitaka kila fundi awe na rangi yake ya mshono wa mwisho, ili kazi mbovu isipate pa kujificha. Yangu ilikuwa nyekundu. Shikeni hilo la uzi mwekundu, nitalirudia.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Mwaka uliofuata lami ya Juba, mji mkuu wao, hadi Nimule mpakani ilikamilika, kilomita 192, na safari ya siku kadhaa kwenye matope ikawa safari ya saa chache. Watu wa kule walikuwa na hela ya mafuta ya petroli na karibu hawana kiwanda. Kila kitu kilitoka huku: sabuni, nondo, saruji, unga, bia, mafuta ya kupikia, biskuti, mabati. Leo nalisema hilo kama mtu anayejua. Wakati ule sikujua. Nilichoona mimi ni kwamba kiwanda kimoja hapa Jinja kilianza kupakia malori usiku kucha. Sitakitaja, wala sitataja kinatengeneza nini, maana mji huu ni mdogo na mimi bado naishi humu. Malori yalikuja kwangu kwanza, yanatoka na viraka, yanaingia kupakia.

Nikavimba. Nasema ukweli, nilivimba kichwa. Nilianza na kijana mmoja na cherehani moja ya mkono wa pili, kufikia mwanzo wa 2013 nilikuwa na vijana sita na taa ya kufanyia kazi usiku. Kiwanda kikanipa utaratibu wa kudumu: nashona, naandika kwenye daftari la stoo, nalipwa mwisho wa mwezi. Mke wangu akaniuliza, "Hawa watu wanauza wapi mali yote hii?" Nikamjibu kwamba hiyo si kazi yetu, kazi yetu ni turubai. Hilo jibu ningependa kulimeza, lakini limeshatoka, na yeye halijamtoka kichwani mpaka leo.

Mwezi wa tisa nikaweka hati ya kiwanja changu cha Bugembe kwenye SACCO nikachukua milioni kumi na mbili. Nikanunua cherehani kubwa ya kushonea kanvasi, na marobota ya PVC, ile plastiki ya kutengenezea turubai, ya kutosha miezi minane. Meneja wa usafirishaji alikuwa ameniambia kwa kinywa chake: "Fundi, mwakani tunaongeza mara mbili." Hakudanganya yule mtu. Hata yeye aliamini.

Usiku wa Jumapili, tarehe 15 Desemba 2013, risasi zilianza Juba.

Jumatatu hakuna lori lililokuja kwangu. Jumanne yakaja mawili, ya Kenya. Nikasema ni Krismasi, watu wanapumzika mapema. Januari nikaenda stoo na daftari langu: milioni saba na laki nne walikuwa wananidai... samahani, nilikuwa nawadai mimi. Mpaka leo nikiandika hiyo hesabu mkono unateleza. Mtunza stoo akaniambia, "Hela ya Juba haijaingia." Nikamwona mwongo. Nilifikiri ni ile lugha ya ofisini ya kumfukuza fundi. Sikuwa na habari kwamba ile sentensi fupi ilikuwa na elimu yote niliyoihitaji.

Nikakaa nje ya karakana yangu nikaangalia mtaa unavyopoa. Hilo nataka kijana wa Mbale alisome polepole. Wa kwanza kuondoka ni wapakiaji, kwa sababu wanalipwa kwa tani, na tani hakuna. Hawafukuzwi, hawaitwi tu. Kisha zamu ya usiku ikafutwa. Yule wa roleksi, chapati ya kuviringwa na mayai, aliyekuwa anamaliza trei nne za mayai kabla ya saa tatu asubuhi akawa anarudi nyumbani na trei mbili. Saluni ya jirani yangu ilibaki na wateja wa Jumamosi. Wa bodaboda walihamia stendi kuu. Mwezi wa tatu vyumba vikaanza kuwa wazi. Huku Uganda chumba kimoja cha kupanga tunakiita muzigo, na lugha ina utani wake: mizigo ya kiwanda iliposimama, mizigo ya wenye nyumba ikabaki tupu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na biashara na Juba. Mama wa chapati angekushangaa ukimwambia yeye anauza nje ya nchi. Lakini alikuwa anauza nje, chapati kwa chapati, kama mimi nilivyokuwa nauza viraka.

Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote. Mama yangu alikuwa anauza uji Masese, mlangoni pa viwanda vya samaki, kwa wale kinamama na vijana wa kukata minofu. Wanaingia saa kumi na mbili asubuhi, mikono itakuwa kwenye barafu kutwa nzima, kwa hiyo uji wa moto wa mama ulikuwa kama dawa. Mwaka 1999 zikatoka habari za watu wanaovua kwa sumu ziwani, Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wetu. Mbuta, yaani sangara, aliyekuwa anapaa kwa ndege akawa hana pa kwenda. Viwanda vikasimama, na mama akarudi nyumbani na ndoo imejaa. Tulikunywa uji ule siku tatu. Mama hakuwahi kuiona Ulaya, hajui Brussels ni mji au ni mtu, lakini Brussels ndiyo iliyomwaga uji wake. Nilikuwa kijana mkubwa, niliyaona kwa macho yangu. Miaka kumi na minne baadaye nikaenda kuweka hati ya kiwanja.

Kiwanja kilikwenda. Sitasimulia hiyo sehemu.

Nisiwe mtu wa kulia tu, nieleze na jinsi kamba inavyovutwa, maana hili ndilo ushauri wenyewe. Mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo, pale Juba, anauza sabuni kwa pauni ya kwao. Ili ainunue nyingine huku, anahitaji dola au shilingi. Serikali yao ilikuwa imeishikilia pauni kwenye 2.95 kwa dola moja, wakati mtaani dola ilikuwa imeshapaa. Katikati ya Desemba 2015 wakaiachia, na kwa siku moja ikaangukia karibu 18.5. Fikiria wewe ndiye yule mama wa Konyo Konyo. Jana serikali ilisema dola ni pauni tatu, leo inasema kumi na nane na zaidi. Unafanya nini? Unapunguza oda, na unamwomba wa Jinja akusubirie deni. Wa Jinja naye anamwambia fundi turubai asubiri. Fundi turubai anamwambia Mhindi wa PVC asubiri, na Mhindi wa PVC hasubiri mtu. Mwaka huohuo shilingi yetu ilikuwa imeporomoka kutoka kama 2,800 hadi kupita 3,500 kwa dola, na PVC inatoka nje. Kwa hiyo mauzo yanashuka na malighafi inapanda kwa wakati mmoja. Nilikuwa natumia viraka vidogo zaidi na kushona macho ya zamani. Aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Julai 2016 Juba ikalipuka tena. Jeshi letu likapeleka msafara kuwatoa Waganda kule, wakauita Okoa Wananchi. Nilikuwa naangalia kwenye televisheni ya kinyozi, watu wamekaa juu ya mabegi yao kwenye malori, na kinyozi akasema, "Hao ndio waliokuwa wanatulisha." Kinyozi! Mtu wa mashine na kioo alikuwa ameshaelewa.

Miezi iliyofuata nairuka. Nilishona mahema ya harusi na viti vya matatu.

Mwaka 2017 nilikwenda Elegu, mpakani na Sudan Kusini, kumfuata tajiri mmoja wa malori aliyekuwa na deni langu la zamani. Nilipanda basi la usiku hadi Gulu, asubuhi nikapata gari la Atiak, jua la saa sita likanikuta mpakani. Tajiri sikumpata. Foleni ndiyo niliyoipata. Malori yamepangana kutoka geti hadi macho yanapoishia, madereva wamelala chini ya tela, wengine wanapika ugali kwenye jiko la mafuta, kuku wa watu wanapita katikati. Nikaanza kutembea kando ya foleni, bila sababu, kama mtu anayetafuta choo. Lori la nne nikaona uzi mwekundu.

Nilisimama. Kiraka cha duara, kona ya nyuma kushoto, uzi umepauka kwa jua lakini ni wangu. Lori la saba, mwingine. La tisa, viwili. Nilihesabu mpaka ishirini na moja nikaacha. Miaka yote ile nilikuwa nadhani kazi yangu inaishia getini pale Jinja. Kumbe ilikuwa inasafiri mpaka huku, inapita mpaka, inaingia Juba, inarudi, na mimi mwenyewe ndiye wa mwisho kufika. Utingo mmoja akanikuta nashika turubai lao, akaniuliza kwa ukali, "Mzee, unatafuta nini kwenye gari letu?" Nikamwambia nimekishona mimi hicho kiraka. Akacheka, akaniambia, "Basi kishone tena, kimeanza kufunguka."

Sikuwa na sindano! Fundi mzima, sina hata sindano mfukoni. Nikaazima kwa muuza magunia.

Siku ile niliona kitu ambacho Jinja kisingeonekana. Jinja lori linakuja kwangu likiwa na haraka, kiwanda kinalisubiri, dereva anapiga honi. Elegu lori linasubiri karatasi, siku moja, mbili, tatu. Dereva hana kazi. Na yale yanayotoka Juba yanarudi matupu, turubai limekunjwa juu ya bodi, hakuna mzigo wa kuzuia mkono wa fundi. Turubai linashonwa vizuri lori likiwa tupu. Tangu nianze kazi nilikuwa nawashona wakiwa wanaenda, kumbe nafasi ni wakiwa wanarudi.

Mwaka 2018 nilipeleka cherehani moja Elegu, nikaikodishia chumba upande wetu wa mpaka. Mafuriko ya mto Unyama yameniingilia zaidi ya mara moja, nimejifunza kuweka mashine juu ya matofali. Leo nina sehemu mbili, Jinja na Elegu, na mwezi uliopita kampuni ya malori, si kiwanda, imenipa turubai zake zote za kushona. Ndiyo, najisifu kidogo. Waliocheka nilipopoteza kiwanja wako humu humu wanasoma.

Sasa mnisikilize vizuri, vijana. Mnapenda mno geti la kiwanda. Mnahesabu watu wanaoingia. Mnapiga hesabu ya sahani mia mbili kwa siku, mnaona mmefika. Hesabu ya watu ni hesabu ya leo. Uliza mzigo unakwenda wapi. Kiwanda kinachouza kwa Waganda kitakupa njaa ya polepole, utaiona ikija. Kiwanda kinachouza nje kitakupa shibe kubwa, halafu siku moja mtu aliye mbali atasaini karatasi, na wewe utakuwa wa mwisho kuambiwa. Shibe hiyo ni nzuri, msiikatae. Lakini uliza mzigo unakwenda wapi.

Nina rafiki, fundi springi, alikuwa na kazi nzuri kwa malori ya njia ya Kigali. Alinicheka sana na mambo yangu ya Juba: "Wewe umeng'ang'ania watu wa vita, mimi Rwanda kila kitu ni shwari." Mwisho wa Februari 2019 Rwanda ikafunga mpaka wa Katuna kwa malori yetu. Mpaka ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu, hakuna risasi hata moja. Wateja wake wakapungua kama maji kwenye mchanga. Simcheki, alinikopesha hela nilipouguliwa. Nasema tu hata pasipo vita, uliza mzigo unakwenda wapi.

Jambo jingine ambalo hawaambii watu. Kiwanda kikipata oda za nje, hakikupi wateja tu, kinakuchukulia na watu. Mwaka 2018 mambo yalipoanza kuchangamka, kiwanda kilekile kilichokuwa na deni langu kilifungua chumba chake cha kushonea turubai. Msimamizi wake? Kijana niliyemshika mkono kumfundisha kutia uzi kwenye sindano. Walimpa mshahara wa kudumu na ovaroli. Hakuja kuniaga. Nilimwona sokoni akajifanya anachagua nyanya. Kodi ya karakana nayo ikapanda mwezi uleule, kwa sababu mwenye nyumba aliona wapangaji wapya wanatafuta vyumba. Kwa hiyo usishangilie tu ukisikia kiwanda kinaajiri. Waliobaki kwangu sasa nawapa sehemu ya kila kiraka, si mshahara mtupu, na bado mmoja nampeleka shule ya ufundi jioni. Inaniuma mfukoni. Yule wa nyanya aliniuma zaidi.

Na karatasi. Hapa wengi mnapigwa na hamjui nani kawapiga. Kiwanda kikiuza nje, VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, kwenye ile bidhaa ni sifuri. Lakini kilipokuwa kinanunua vitu na huduma humu ndani kililipa asilimia 18, na hiyo kinaweza kuidai irudi, mradi kiwe na ankara inayokubalika. Tangu Januari 2021 ankara hiyo ni ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Sasa wewe fundi unakwenda na kijitabu cha risiti ulichonunua dukani, bei yako ni ya chini, unashangaa kazi imechukuliwa na mtu mwenye bei ya juu. Kwao wewe ndiye ghali. Yeye asilimia 18 yake inarudi, wewe ankara yako hairudishi kitu. Nilipoteza kazi mbili kabla mhasibu mmoja kijana, binti mdogo tu, hajanichorea hili nyuma ya bahasha. Wengine pia watakukata asilimia 6 ya kodi ya zuio kabla ya kukulipa. Usigombane nao, ni sheria, lakini dai cheti chake, maana ile ni kodi yako iliyolipwa mapema. Mimi vyeti vya miaka miwili niliviacha tu, kwa kutojua.

Mengine ni yaleyale. Usimpe mteja mmoja biashara yote. Deni lisizidi mwezi mmoja. Usinunue malighafi ya miezi minane kwa sababu meneja amekutabasamia. Na mzungumze na madereva, jamani, mzungumze na madereva. Meneja anajua oda, dereva anajua barabara. Machi na Aprili 2021, madereva walipouawa kwenye barabara za kule Sudan Kusini na wenzao wakagoma Elegu, mimi nilikuwa nimeshaacha kununua PVC wiki mbili kabla, kwa sababu dereva mmoja wa Busia aliniambia, "Fundi, safari hii nimerudi, ijayo siendi." Mwaka 2024 walipozuia malori mazito daraja la Karuma kwa matengenezo, nilijua kwa madereva njia gani watazungukia kabla sijasikia redioni. Kila dereva anayetoka Juba namuuliza swali moja kabla sijagusa turubai lake: dola Konyo Konyo ni ngapi leo? Wamenizoea. Wengine wanaitaja kabla hawajanisalimia.

Sasa wewe kijana wa Mbale. Hilo banda usilipie bado. Nunua daftari la mia tano, kaa ng'ambo ya lile geti siku sita, asubuhi na jioni. Watu usiwahesabu. Hesabu malori yanayotoka na mzigo, na andika namba ya kila moja ni ya nchi gani: ya Kenya, ya kwetu, ya Sudan Kusini, ya Kongo. Angalia lipi limefungwa lakiri nyuma na lipi limefungwa kamba tu. Dereva akisimama kununua maji, muulize analala wapi usiku huu na atarudi lini. Muulize kibarua wa kupakia wiki iliyopita ameitwa siku ngapi, na wiki ya kabla ya hiyo je. Nitumie hesabu hizo Jumapili jioni. Nikiwa Elegu mtandao ni wa shida, lakini usiku unashika.